Munkoyo Unaanza na Jembe

Katika vijitabu vyetu vilivyotangulia wengine wameandika juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina ya mapacha na namna ya kulia msiba. Mimi niliombwa kuandika juu ya mila yoyote ninayoijua vizuri. Nimefikiri sana, na nimeona kwamba mila ninayoijua kupita zote ni ile niliyoionea haya kwa miaka mingi. Ni munkoyo.

Kwa faida ya vijana na ya wageni wa mji wetu, nieleze kwanza. Munkoyo ni kinywaji cha mahindi na mizizi. Kikiwa kipya hakileweshi. Mtoto anakunywa, mama mjamzito anakunywa, mzee asiye na meno anakunywa, mtu aliyetoka shambani na jua anakunywa kabla hajaomba bukari. Jina la kinywaji ndilo jina la mzizi unaokifanya. Bila mzizi ule hakuna munkoyo, kuna uji tu. Maneno haya mafupi mimi niliyaelewa siku ya aibu, mbele ya watu, nikiwa tayari na mvi kichwani. Lakini nianze mwanzo.

Kambo na kinu chake

Nilizaliwa hapa mwaka 1966, mwaka uleule mji wetu ulipoacha jina la Jadotville na kuitwa Likasi. Baba alikuwa mfanyakazi wa Shituru, kwanza chini ya Union Minière, kisha chini ya kampuni ya serikali ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Sisi tulikaa katika kambi ya wafanyakazi. Kambo, mama yake mama, alikaa Kikula, na mimi nilipenda zaidi kulala kwake kuliko kwetu. Kambo alikuwa Musanga wa upande wa Lufira. Hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu pesa kwa haraka kupita baba.

Munkoyo wa kambo ulitengenezwa hivi. Mchana alitwanga mizizi. Mizizi yenyewe ni myembamba, mingine kama kidole, nje ina ngozi ya rangi ya udongo, ndani ina nyuzi nyingi. Aliitwanga katika kinu mpaka ikawa kama kamba iliyofumuliwa. Halafu alipika uji wa mahindi. Hakupika uji mwembamba wa mtoto mchanga. Alipika uji mzito unaokaribia bukari, na aliuacha uchemke muda mrefu mpaka harufu ya unga mbichi ipotee kabisa. Kisha aliuepua na akaungoja upoe.

Kule kungoja ndiko kulikokuwa na elimu. Kambo aliingiza kidole ndani ya uji, akakitoa, akakilamba. Mimi naye vilevile. Aliniambia: "Kama inaunguza, ngoja kwanza. Kama haiunguze hata kidogo, umekawia." Kidole kilipaswa kuvumilia mpaka kuhesabu tatu, na kwenye nne ukitoe mwenyewe. Hapo alitia mizizi na kuanza kukoroga. Mbele ya macho yangu uji ulilegea. Mwiko ambao ulikuwa mzito mkononi mwake ukawa mwepesi, na uji ukawa unatiririka kama maziwa. Ukionja saa ile, ni mtamu, na hakuna mtu aliyetia sukari hata kijiko kimoja. Aliondoa mizizi, akachuja, akafunika chungu na kukiacha kilale. Asubuhi utamu ulikuwa umeshika uchachu kidogo, na ndio ulikuwa munkoyo wa kuuza. Siku ya pili uchachu ulishinda utamu. Siku ya tatu wazee wa mtaa ndio walioutafuta, kwa sababu ulianza kugusa kichwa.

Kila asubuhi kambo alibeba ndoo kichwani mpaka sokoni, na kikombe kimoja cha bati kikining'inia pembeni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeanza sekondari, nimevaa shati jeupe. Siku moja nilipita sokoni pamoja na wenzangu wa darasa, watoto wa makarani na wa wasimamizi. Kambo aliniona, akaniita kwa jina la utoto. Mwenzangu mmoja aliuliza: "Ule mama anakuita weye?" Nikajibu: "Simujue." Tukapita.

Jioni kambo hakusema neno. Alinimiminia kikombe changu kama kila siku, akakisukuma mbele yangu mezani. Miaka mingi baadaye mama ndiye aliyenieleza kwamba madaftari yangu, na viatu nilivyovaa siku ile, vilitoka katika ile ndoo.

Nilichofundisha na nilichosahau kufundisha

Nimekuwa mwalimu wa biolojia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka nilifundisha somo la mate. Tulichukua mkate, tukautafuna muda mrefu, na wanafunzi wakasema kwamba mkate umekuwa mtamu. Niliandika ubaoni: mate yana enzimu inayokata wanga na kuugeuza sukari. Vitabu vya Ulaya vinaeleza hivyo, na ni kweli. Lakini hata siku moja sikuwaambia watoto wale kwamba mzizi wa munkoyo una enzimu za namna ileile, na kwamba bibi zao wanafanya jaribio hilo kila jioni katika chungu kizima.

Tufikiri kidogo. Ulaya, mtu anayetaka kutengeneza bia anaotesha kwanza shayiri, ili punje inayochipua itoe enzimu za kugeuza wanga wake yenyewe. Huku Afrika pombe nyingi za nafaka zinafuata njia hiyohiyo, tunalowesha mtama au mahindi mpaka yachipue. Watu wa munkoyo walipata njia nyingine. Waliacha punje ilale, wakaomba enzimu kwa mmea mwingine kabisa, wa porini. Na kidole cha kambo ndicho kilichokuwa kipimajoto. Uji ukiwa wa moto mno, enzimu zinakufa na kazi imeharibika. Ukiwa baridi, kazi inakwenda polepole, na vijidudu vibaya vinapata nafasi kabla ya vile vizuri. Nani aligundua jambo hilo mara ya kwanza, akikosa mara ngapi kabla hajapata? Hakuna kitabu kilichohifadhi jina lake, lakini alikuwa mtaalam.

Wataalam wa leo wameanza kutazama. Mwaka 2012 watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi juu ya namna munkoyo wa nchi yetu unavyochacha. Mwaka 2013 ukafuata uchunguzi mwingine juu ya vijidudu vilivyo ndani ya vinywaji vya Zambia, na munkoyo ulikuwemo pamoja na chibwantu na mabisi. Walikuta kwamba kazi kubwa ya kuchachusha inafanywa na bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa ya wale wanaogandisha maziwa. Kambo angesikia hayo, angeuliza kama mabwana wale wamelipia kikombe.

Jambo moja lilinishangaza nilipoanza kusoma. Munkoyo si mmea mmoja. Majina ya kitaalam yanayotajwa zaidi ni Rhynchosia na Eminia, na katika kila jina kuna aina kadhaa. Lakini yote ni ukoo mmoja na maharage na karanga. Ina maganda kama kunde, na ndani ya maganda kuna mbegu. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona mizizi tu, imefungwa mafungu sokoni. Sikuwa nimewahi kujiuliza kama munkoyo una mbegu.

Siku ya aibu

Kambo alifariki mwaka 1999. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliacha kazi katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alipokea pesa, akanunua gari kuukuu kwa haraka, na gari likamla pesa zote zilizobaki. Ni mke wake, shemeji yangu, aliyesimamisha nyumba, na aliisimamisha kwa munkoyo. Miaka ile ukipita Kikula au Panda asubuhi, uliona ndoo nyeupe mbele ya milango mingi, na kitambaa safi juu yake. Wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki tulikula kutoka katika ndoo hizo, tuseme au tusiseme.

Baadaye ndoo zikapungua. Chupa za plastiki za maheu zilivuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, nzuri, baridi, na tarehe imeandikwa juu. Sukre za viwanda zilifika hata vijijini. Kwenye ndoa, mtu aliyeweka munkoyo mezani alionekana maskini. Nami sikuwa tofauti. Nilipooa mwaka 1994 niliagiza kazie za sukre kwa deni, na kambo aliyeniletea chungu kizima nilimwomba akiweke nyuma ya nyumba, pamoja na wapishi.

Mwaka 2016 shirika letu liliamua kwamba katika sikukuu yetu ya mwaka vinywaji vyote viwe vya kwetu. Walitafuta mtu wa kutengeneza munkoyo, nami nikainua mkono. Nilikuwa mjukuu wa kambo, na tena mwalimu wa biolojia. Nilinunua mafungu matatu ya mizizi sokoni, tukapika uji katika mapipa mawili, nikaingiza kidole, nikahesabu tatu, nikatia mizizi, nikakoroga.

Uji haukulegea. Nikakoroga tena. Vijana walinipokea mwiko kwa zamu. Baada ya saa moja uji ulikuwa umepoa na kushikamana zaidi. Mzee mmoja alikuja, akachungulia ndani ya pipa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwalimu, hii ni bukari. Lete mboga." Watu walicheka sana, na mimi nikacheka pamoja nao, lakini moyoni nililia. Tulituma vijana wakalete kazie nane za sukre.

Mama mmoja mzee alibaki nyuma. Aliokota ile mizizi iliyotolewa katika uji, akaivunja, akanusa, akatafuna kipande. "Hii si yenyewe," alisema. "Hii ingine ni yenyewe, lakini ni ya zamani, imechoka." Nikamuuliza yenyewe inapatikana fasi gani. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Zamani ilikuwa nyuma ya nyumba. Sasa inatoka mbali, na yule anayeileta naye hajui kila mara anachimba nini."

Kwa nini mizizi imekimbia

Baada ya sikukuu niliomba kufuatana na mzee mmoja anayechimba mizizi kwa kuuza. Tulitoka alfajiri kwa baiskeli. Tulipita vilima ambavyo katika utoto wangu vilikuwa pori, na sasa vimebaki visiki na vichuguu. Tulipata munkoyo wa kwanza baada ya saa sita mchana.

Ni lazima tuelewe namna mmea huu unavyokufa, maana tunapenda kusema kwa jumla kwamba "pori limeisha." Munkoyo si mti. Unatambaa chini na kupanda juu ya vichaka, na majani yake yanakauka katika kiangazi, lakini mzizi unabaki hai chini ya udongo ukingoja mvua. Kwa hiyo shoka la mchoma makala peke yake haliuui. Moto wa pori peke yake hauuui. Lakini makala yakitangulia, mashamba yakifuata, au mashimo ya madini yakifunguliwa, udongo wenyewe unageuzwa na mzizi unatoka. Na mahali ambapo makala na madini havijafika, sisi wanywaji tumefika. Mchimbaji anang'oa mmea mzima na mzizi wake wote, kwa sababu kesho mwingine atakuja, na anayeacha anamwachia mwenzake. Yule mzee alifanya hivyo mbele yangu. Nilipomuuliza kwa nini asibakize kidogo, alijibu: "Nibakizie nani?"

Sikuwa na jibu, na jibu lenyewe ni gumu. Pori halina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakina mtu wa kukibakizia.

Mtaalam wa mimea François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alichapisha mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya vyakula ambavyo watu wa huku wanapata katika pori la miombo. Ukikifungua unaona kwamba pori lile ambalo tunaliita tupu lilikuwa ghala. Sisi tulikula ghala bila kuweka kitu ndani.

Bustani

Tulianza Novemba 2016, mvua ilipotulia vizuri. Familia moja ya shirika letu ilitukopesha kipande cha shamba upande wa Kapolowe. Hatukuchagua upande ule bure. Mwaka 2009 wataalam wa Lubumbashi na wa Leuven walichapisha uchunguzi uliokuta kobalti nyingi sana katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mzizi unakaa ndani ya udongo miaka. Mtu asije akapanda munkoyo kando ya takataka za kiwanda, halafu akampa mtoto anywe na kumwambia ni dawa ya wahenga.

Mwaka wa kwanza tulishindwa. Tulipanda mbegu tulizookota porini, zaidi ya mia mbili, zikaota tisa. Wengine walisema: mmeona, munkoyo ni wa Mungu, haupandwi. Lakini yule mama mzee alinikumbusha kitu. Alisema munkoyo mdogo unaonekana kwa wingi mahali ambapo moto ulipita. Hapo mwalimu wa biolojia aliamka. Mbegu nyingi za ukoo wa maharage zina ngozi ngumu isiyopitisha maji, na moto unaipasua ngozi hiyo. Mwaka uliofuata tulisugua kila mbegu juu ya jiwe mpaka ngozi ikwaruzike, tukazilaza usiku mmoja katika maji, tukapanda asubuhi. Zikaota nyingi kiasi kwamba tulilazimika kuzipunguza.

Halafu mbuzi wakaja. Nisieleze sana juu ya mbuzi. Tulipata nusu, tukajenga ua wa miiba.

Tulipanda pia mahindi katikati ya mistari, na munkoyo ukapanda juu ya mabua yake. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilisimama nikatazama muda mrefu. Unga na mzizi, vitu viwili ambavyo kambo alivikutanisha jikoni, vilikuwa vimekutana shambani. Na kwa kuwa munkoyo ni ndugu wa maharage, tulitumaini kwamba utarudishia udongo nguvu kidogo ambayo mahindi yanakula.

Tuliweka sheria tatu, na kila mwenye mstari alizikubali. Hakuna kuchimba kabla ya mwaka wa tatu. Ukichimba, kata mizizi ya upande mmoja tu, acha ile ya katikati, funika udongo. Na kila mtu abakize mimea miwili ambayo haiguswi kabisa, ni ya mbegu. Yule mzee mchimbaji sasa ana mstari wake. Anabakiza, kwa kuwa anajua anambakizia nani.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mwaka 2020, katika kiangazi, wakati mikutano ilikatazwa kwa ajili ya korona. Hapakuwa na sikukuu wala hotuba. Tulikuwa watu sita uani kwa shemeji yangu. Nilitia kidole, nikahesabu tatu. Nilikoroga huku naogopa. Kwanza hakuna kilichotokea. Halafu mwiko ukawa mwepesi. Shemeji alicheka, akasema: "Mwalimu, leo hatuhitaji mboga."

Munkoyo ni wa nani?

Lilibaki jambo moja, na sitaki kulificha, maana lilikaribia kuvunja kikundi chetu. Tulipotaka kuandika kibandiko cha kubandika kwenye ndoo za kuuza, mmoja alisema tuandike "kinywaji cha Basanga." Mwingine akasema hapana, Babemba walikuwa nao. Wa tatu akasema Balamba. Walianza kupandisha sauti, na katika mji wetu sauti za namna hiyo tunajua zinakoelekea.

Niliwasimulia habari hii. Mtu aliyejua kutengeneza munkoyo kupita kambo, kwa maneno ya kambo mwenyewe, alikuwa mama mmoja jirani yake, aliyezaliwa Kasai. Alifika hapa akiwa bibi arusi wa mfanyakazi, hajui hata kusema "munkoyo." Kambo alimfundisha, na baada ya miaka michache wateja wa kambo walikuwa wanapita mlango wake kwenda mlango wa jirani. Walicheka pamoja juu ya jambo hilo. Mwaka 1992 Wakasai walianza kufukuzwa, na maelfu ya watu walirundikana katika kituo cha gari la moshi hapa Likasi, wakingoja treni kwa wiki na miezi, wengine wakafia pale. Mama yule alikuwa mmoja wao. Kambo alikuwa anatoka nyumbani kabla ya mapambazuko, na ndoo kichwani, ili asionwe na vijana wa mtaa. Hakuiuza ndoo ile. Na siku mama yule alipopata nafasi katika treni, mwaka 1993, kambo alimfungia mizizi mikavu katika kitambaa cha kichwa chake mwenyewe.

Nikawauliza wenzangu: munkoyo wa mama yule ulikuwa wa kabila gani? Hawakujibu. Kibandiko chetu leo kina maneno mawili tu: "Munkoyo, Likasi."

Nimefikiri mara nyingi juu ya neno hili, urithi. Tunalipenda sana katika vikao vyetu. Lakini tunalitumia kama mtu anayeonyesha karatasi za nyumba iliyokwisha anguka. Mwaka 2016 nilikuwa na urithi wote wa munkoyo kichwani: jina, kambo, kidole, kuhesabu tatu. Nilikosa mmea tu, na urithi wangu ukawa bukari ndani ya pipa. Mila inayotegemea mmea inakufa siku mmea unapokufa, hata kama wimbo wake unaimbwa bado. Ndiyo maana nasema munkoyo ni wa yule anayeupanda na kuubakiza.

Maneno ya mwisho kwa wanaotaka kuanza

Sipendi kumaliza kwa hotuba, basi nimalize kwa mambo ya kazi. Maji ya munkoyo yachemshwe, hata kama kisima kinaonekana safi. Uchachu unasaidia kuzuia vijidudu vibaya, lakini hauwezi kusafisha maji machafu uliyotia mwenyewe. Bidoni lililobeba asidi au mafuta ya gari lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara kumi, na katika mji wetu mabidoni hayo ni mengi. Mizizi inunuliwe kwa mtu unayemjua, na kila fungu lijaribiwe kwanza katika sufuria ndogo kabla ya kupika pipa. Nyinyi mnaosoma mnajua ninalipa gharama ya fundisho hili mpaka leo: kuna vijana wanaoniita Mwalimu Bukari.

Kwa walimu wenzangu: mkifika somo la mate na mkate, leteni mzizi darasani. Uji wa sufuria moja unatosha. Watoto wataona kwa macho yao, na labda mmoja wao, akipita sokoni jioni na wenzake, ataitwa na bibi yake na ataitika.

Mbegu tunazo. Zinahifadhiwa kwa shemeji, ndani ya chupa iliyokuwa ya sukre, na kila anayetaka anapewa ishirini bila malipo, kwa sharti moja: baada ya miaka mitatu arudishe arobaini. Mvua ikianza, njoo na jembe.